Setilaiti ikikwaruzwa na hewa inaongeza mwendo?? Wakuu wa fizikia naombeni mnifafanulie

dogo_wa_PCM

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Mimi niko form six PCM (fizikia, kemia, hesabu) na kuna kitu cha graviti kinanisumbua, ticha alipita juu juu akasema mtaelewa mbele ya safari akahamia topiki nyingine, sasa mtihani unakaribia na mbele ya safari ndo hapa tumeshafika.

Iko hivi. Setilaiti inazunguka dunia kwenye obiti ya chini, kule juu hewa ni kidogo mno lakini ipo, kwa hiyo inaikwaruza setilaiti na kuila nishati taratibu. Hapo niko sawa. Swali linauliza mwendo wake utakuwaje, nikajibu utapungua, kucheki majibu wanasema UTAONGEZEKA. Nikagoma. Mwenzangu ninayekaa naye deski moja anasema ni kweli kwa sababu v = √(GM/r), v ni mwendo, M ni masi ya dunia na r ni umbali kutoka katikati ya dunia, na r ikipungua v inapanda, fomula mi naiona wala sina ugomvi nayo, ila fomula kutoa jibu na mimi kuelewa ni vitu viwili.

La pili, kwa nini nishati yote ya setilaiti inaandikwa hasi, E = −GMm/2r? Nishati hasi ndo mdudu gani?

Tafadhali msiniambie nikariri, kukariri nimeshakariri.

BabaJunior

Dogo uko sahihi, hao waliotoa majibu warudi wakakague. Msuguano haujawahi kuongeza spidi ya kitu chochote tangu dunia iumbwe. Mi nilisoma HGL (historia, jiografia na lugha) sijifanyi mtaalam ila hili halihitaji hata shule. Ngoja waje wenyewe.

Ticha_Chaki

BabaJunior punguza munkari kaka, majibu yako sahihi. Ila dogo ana haki ya kugoma, wengi wanaikubali hii kitu bila kuitafuna.

Tuanze na hiyo hasi, ukiiruka hiyo la msuguano halitakaa kichwani. Mkifanya mgh (masi mara g mara kimo) sifuri mnaiweka sakafuni au mezani, popote panaporahisisha hesabu, si ndio? Nishati ya nafasi (PE) haina sifuri iliyotoka mbinguni, sifuri unaichagua mwenyewe. Ila mgh ni ya karibu na ardhi tu maana inadhani g, yaani nguvu ya mvutano kwa kilo, haibadiliki. Kwenye kimo cha kilomita 540 mgh inakupa megajuli 5.3 kwa kila kilo wakati ukweli ni 4.9, bado unavumilia. Sasa nenda kwenye zile setilaiti za TV ambazo dishi lako limezigeukia, kilomita kama 35,800 juu ya ikweta, mgh inasema megajuli 351 kwa kilo na jibu la kweli ni 53. Hapo hakuna cha kuvumilia.

Ndo maana kwenye obiti tunahamisha sifuri tunaipeleka infiniti, yaani mbali kiasi kwamba dunia haikuvuti tena. Ukishakubali kwamba kule ni sifuri, na ukishakubali kwamba kitu kikianguka kuja huku PE inapungua, basi sehemu nyingine zote lazima ziwe chini ya sifuri, hakuna uchawi. PE = −GMm/r. Ukiigawa kwa m unapata potensheli, −GM/r, ambayo ni mali ya mahali penyewe, haijali umeweka pale setilaiti au ndoo ya maji.

Ichukulie kama deni kwa Mangi wa dukani. Kilo moja iliyokaa hapa ardhini inadaiwa megajuli 62.6, hilo ndo deni la kutoka kabisa kwenye mikono ya dunia. Ukilipa lote kwa mkupuo mmoja, yaani ukiipa hiyo kilo nishati ya mwendo (KE) ya megajuli 62.6, unapata mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde, ndo ule mwendo wa kutoroka mnaofundishwa. Setilaiti iliyoko kimo cha kilomita 540 inadaiwa 57.7 na mfukoni ina 28.8 za mwendo, ukipiga hesabu bado inadaiwa 28.8. Jumla hasi maana yake haiwezi kuondoka, imefungwa kwenye obiti. Jumla ikiwa sifuri imeponyoka kwa shida, ikiwa chanya imeondoka na chenji mkononi, kama chombo cha anga Voyager 1 ambacho kimeshalimaliza hata deni la jua.

Umeona lakini kwamba 28.8 ni nusu ya 57.7? Hiyo siyo bahati. Kwenye obiti ya duara mvutano ndo unaopindisha njia, kwa hiyo GMm/r² = mv²/r, zidisha kwa r pande zote unapata mv² = GMm/r, na KE ni nusu ya hiyo. Kwa hiyo daima KE ni nusu ya deni, na jumla ni KE ileile ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Andika hii ukutani: E = −KE.

Sasa hewa inakula nishati. E inapungua, maana yake inazidi kuwa hasi. Na E = −KE. Basi KE inafanyaje?

dogo_wa_PCM

Inapanda 😳

Sasa hiyo nishati ya kuongeza mwendo inatoka wapi wakati huohuo hewa nayo inakula?

Ticha_Chaki

Inatoka kwenye kushuka. Chukua kilo ile ile, itoe kilomita 540 ishuke hadi 200. PE inatoka −57.7 inaenda −60.7, imeporomoka megajuli 3 hivi. Mwendo unatoka kilomita 7.59 kwa sekunde unafika 7.79, KE inatoka 28.8 inaenda 30.3, imeongezeka 1.5. Iliyobaki 1.5 ndo joto, imepashwa hewa na ngozi ya setilaiti. Kila kinachotoka kwenye kushuka kinagawanywa nusu kwa nusu, nusu mwendo nusu joto. Na mzunguko mmoja uliokuwa unachukua dakika 95 sasa unachukua 88, njia imekuwa fupi na mwendo mkubwa.

BabaJunior

Sawa ticha hesabu zimekaa vizuri, siwezi kubishana na namba. Ila huo ni uhasibu. Mimi nataka KANI. Hewa inasukuma nyuma, dunia inavuta chini, nani anasukuma mbele? Nitajie mmoja tu.

mhandisi_wa_usiku

Hili ndo swali la maana kuliko yote kwenye huu uzi, na BabaJunior wa HGL ndo kaliuliza.

Jibu ni dunia yenyewe. Kwenye duara kamili mvutano unakaa pembe mraba na njia, hauongezi wala haupunguzi mwendo, unapindisha tu. Ila setilaiti inayokwaruzwa haiendi duara kamili, njia yake ni ya kuzunguka huku inashuka, imeinama chini kidogo mno kiasi kwamba kwenye mchoro huioni. Njia ikishainama tu, mvutano hauko pembe mraba nayo tena, kipande chake kidogo kinaelekea mbele. Ukipiga hesabu hicho kipande kinatoka mara mbili ya kani ya hewa. Mbele mara mbili, nyuma mara moja, kinachobaki ni kuongeza mwendo kwa kiasi kilekile ambacho hewa ilitaka kuupunguza. Ukitaka uthibitisho wa mistari miwili: D ikiwa kani ya hewa, hewa inaondoa nishati kwa kasi ya Dv, yaani dE/dt = −Dv, na E = −½mv² kwa hiyo dE/dt = −mv·dv/dt. Futa −v pande zote, dv/dt = D/m. Chanya. Ni kama hewa imeisukuma kutoka nyuma.

Ila kuna mpaka. Yote haya yanafanya kazi msuguano ukiwa mdogo kiasi kwamba kila mzunguko unakaribia kuwa duara. Ikishafika chini kama kilomita 120 hewa inakuwa nzito, mpango wa obiti unavunjika na hapo BabaJunior anashinda, breki inakuwa breki kweli, kitu kinapoteza mwendo wote kwa dakika chache na ile KE yote inageuka joto. Ndo moto unaouona angani.

Na siyo nadharia ya ubaoni. Sputnik 1 ilirushwa 4 Oktoba 1957, watu wakawa wanapima muda wake wa kuzunguka, ulianza na dakika 96 na kidogo ukawa unafupika fupika hadi ikaungua 4 Januari 1958. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti zake za intaneti, Starlink, 49 zikaachiwa kwenye kimo cha chini kama kilomita 210, ikatokea dhoruba ya jua, hewa ya juu ikapata joto ikavimba, msuguano ukapanda na zilizopotea zilifika 40 hivi. Zote zilikuwa zinaongeza mwendo huku zinakufa.

Kichekesho kikubwa lakini ni cha chombo cha wanaanga wa Marekani, Gemini 4, Juni 1965. Rubani James McDivitt alitaka kukisogelea kipande cha roketi kilichowapeleka juu, kikawa mbele yao, akafanya ambacho mtu yeyote angefanya, akakielekezea pua akawasha injini. Kikazidi kuwa mbali. Ukiongeza nishati unapanda obiti ya juu, na obiti ya juu ni ya polepole, kwa hiyo unayemkimbiza anakuacha. Mafuta yakapungua wakaacha. Mwanaanga Buzz Aldrin alikuwa ameshaandika tasnifu yake ya udaktari pale chuo cha MIT kuhusu namna vyombo viwili vinavyokutana kwenye obiti, na Desemba mwaka huohuo Gemini 6A na Gemini 7 wakakutana vizuri, maana walishajua kwamba ukitaka kumfikia wa mbele unashuka kwanza.

Binti_Ngomeni

Nimefurahi kuona hii, nami niongeze la kwetu pwani. Mnatumia kimo cha kilomita 540, sijui ticha amekichagua makusudi ama ni bahati, maana setilaiti ya Uhuru ilikuwa inazunguka karibu na hapo. Kwa wasioijua, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru ndiyo ikapewa hilo jina, ikarushwa na roketi ya Scout kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, lile lililosimamishwa baharini hapa Ngomeni kaskazini mwa Malindi. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend. Mpaka leo miguu ya lile jukwaa wavuvi wanaipita wakienda kazini.

Kwa nini walikuja mpaka huku? Ni hesabu hizi hizi za nishati. Kufika obiti ya kilomita 540 kilo moja inahitaji megajuli 33.7 ukitoa ardhini umesimama, na katika hizo kupanda juu ni 4.9 tu, 28.8 zote zilizobaki ni za mwendo. Watu hufikiri kazi ya roketi ni kwenda juu, kazi kubwa ni kukimbia kando. Sasa huku ikweta dunia yenyewe inazunguka kuelekea mashariki karibu mita 465 kwa sekunde, ukirusha kuelekea mashariki juu ya Bahari ya Hindi umeshapewa hizo bure kabla hujawasha kiberiti, na obiti yako inalala sambamba na ikweta moja kwa moja, huna haja ya kuipinda baadaye kwa mafuta mengi.

Utamu wenyewe uko kwenye kile Uhuru ilichokwenda kuangalia. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani peke yake. Ikaona kitu kinaitwa Centaurus X-3 kinapiga mapigo kila baada ya sekunde 4.8, na kila siku 2 hivi kinajificha nyuma ya nyota mwenzake. Wakaelewa kwamba ni nyota ya nyutroni, ndogo na nzito kupita kiasi, inamnyonya gesi jirani yake. Na hiyo gesi inapozunguka ikishuka inafanya yaleyale aliyoyaeleza ticha, inakwaruzana yenyewe kwa yenyewe, nusu ya inachopoteza kwa kushuka inaongeza mwendo, nusu inakuwa joto kali mpaka inatoa eksirei. Tofauti ni kina cha shimo tu. Huku kwetu deni ni megajuli 62.6 kwa kilo, kule uso wa nyota ya nyutroni deni la kilo moja linazidi mara 20 au 30 nishati ambayo ungepata ukiiunguza hiyo kilo ya haidrojeni kinyuklia kama jua linavyofanya. Riccardo Giacconi aliyeongoza hiyo kazi alipata Nobel 2002.

Nayo Uhuru yenyewe iliporomoka ikaungua Aprili 1979 kwa sheria hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye, 11 Julai 1979, kituo cha anga cha Marekani, Skylab, nacho kikafuata, vipande vikaangukia Australia.

dogo_wa_PCM

Dada ahsante sana, sikuwahi kujua kama kuna setilaiti ilirushwa kutoka Kenya kabla hata wazazi wangu hawajazaliwa. Kitabu chetu mifano ni setilaiti A na setilaiti B 😂

Nahodha_Mzee

Wanangu shikamooni mnaostahili na marahaba kwa wengine. Nina swali la kinyume, maana nyote mnazungumzia vinavyoshuka. Niliwahi kusikia redioni kwamba mwezi unaondoka, kila mwaka unajisogeza mbali. Sasa kwa hesabu ya huyu mwalimu mwezi utakuwa unapata nishati. Nani anampa? Huko juu hakuna injini.

Ticha_Chaki

Shikamoo mzee wangu. Umeliweka penyewe. Unaondoka kweli, sentimita 3.8 kwa mwaka, wanapima kwa kupiga leza kwenye vioo ambavyo wale wa Apollo 11 waliviacha mwaka 1969 na wengine waliofuata. Na anayempa nishati ni bahari, hiihii uliyoitembea.

Mwezi unavuta maji yanavimba, hilo wewe unalijua kuliko sisi, bamvua na maji mafu umeishi nayo. Dunia inajizungusha haraka kuliko mwezi unavyotuzunguka, kwa hiyo inauburuta ule uvimbe wa maji unatangulia mbele ya mwezi kidogo. Uvimbe uliotangulia unauvuta mwezi kwenda mbele, huo ndo msukumo wa injini unaoutafuta. Nishati ya mwezi inapanda, E inakaribia sifuri, na kwa kuwa E = −KE basi mwendo wake unapungua. Unasukumwa mbele na unapunguza mwendo, kinyume kabisa cha setilaiti inayokwaruzwa na hewa ila kanuni ni moja. Sasa hivi unakwenda kilomita 1 na nukta kwa sekunde.

Anayelipa ni mzunguko wa dunia, siku inarefuka kama milisekunde 2 kwa karne. Na dunia inatoa zaidi ya mwezi unavyopokea, nyingi inapotelea baharini kwenye msuguano wa maji na sakafu.

Nahodha_Mzee

Marahaba. Nimekuelewa mwalimu. Kwa hiyo maji yanapokwenda kasi pale kwenye mikondo yanakula mzunguko wa dunia. Haya.

dogo_wa_PCM

Ticha nimejaribu swali jingine mwenyewe naomba usahihishe. Setilaiti ya kilo 500 inatolewa kimo cha kilomita 540 inapelekwa kwenye obiti ya zile za TV, nishati inayohitajika ni ngapi. r ya kule nimeweka kilomita 42,164. E ya mwanzo −28.8 kwa kilo, E ya mwisho −4.7, tofauti 24.1, mara 500 napata megajuli 12,050 hivi. Ila KE imetoka 28.8 imeshuka hadi 4.7 na mimi ndo nimeongeza nishati, sijakosea alama kweli?

Ticha_Chaki

Hujakosea, full marks. Wengi hapo wanatoa KE peke yake au PE peke yake halafu wanashangaa. PE imepanda kutoka −57.7 hadi −9.5, yaani 48.2, na KE imetoa nusu ya hiyo kutoka mfukoni mwake, nusu nyingine ndo injini. Kwenye mtihani anza na E zote mbili, toa, maliza, usianze kuhangaika na mwendo. Na ukiulizwa lile la msuguano andika sentensi tatu: nishati yote inapungua, r inapungua, KE inaongezeka kwa sababu PE inapungua mara mbili ya ongezeko la KE. Usiandike "kwa sababu ya fomula", msahihishaji hatakupa kitu.

mhandisi_wa_usiku

Na hiyo safari dogo injini inawashwa mara mbili, zote kuelekea mbele. Ya kwanza inakutoa 7.59 hadi karibu 9.96, unapanda unapoteza mwendo njiani hadi unafika juu una 1.63, unawasha tena unapata 3.07 unakaa.

BabaJunior

Yaani umekanyaga mafuta mara mbili, zote mbele, na umeishia kwenda polepole kuliko ulivyoanza, na mwenzako aliyekwaruzwa na hewa anakimbia kuliko wewe. Mi na HGL yangu naenda kulala.